Bajeti ya Kasumba na Faini ya Saa Tisa

Ilianza Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa pili, saa nne na dakika kumi asubuhi, kipindi cha historia, mwalimu alipopitisha kofia yake ya sufi ili kila kundi lichukue kikaratasi. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na hita, mahali ambapo mtu anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuulizwa kitu. Mwenzangu wa kundi, msichana wa mtaa wa Lower West Side hapa Buffalo ambaye huongea hata na penseli yake, akachovya mkono, akasoma, akanisukumia.

Kikaratasi kilisema sisi ni ofisi ya fedha ya koloni. Serikali yetu ndiyo peke yake iliyoruhusiwa kuuza ule utomvu wa mpopi ambao watu huuvuta ukawalevya. Tuandike bajeti ya mwaka ujao, na Jumatatu baada ya likizo fupi tuje tuitetee mbele ya darasa, kila mtu kwa mdomo wake.

Sentensi ya mwisho ndiyo niliyoisoma mara tatu.

Mwalimu alitugawia karatasi nyingine ya maelezo. Koloni lenyewe halipo kwenye ramani. Alisema amelitunga kwa kuchanganya makoloni kadhaa ya Asia. Serikali inanunua mali ghafi, inaichemsha kwenye kiwanda chake, inaijaza kwenye tyubu ndogo za bati zenye nembo yake, inaiuza kwenye maduka yenye leseni. Karibu nusu ya mapato ya koloni yanatoka humo. Yanalipa barabara, hospitali, walimu na askari. Halafu chini kabisa, kwa herufi nzito: gavana ameahidi kwamba wavutaji watapungua kwa sehemu moja ya kumi kila mwaka mpaka waishe.

"Rahisi," mwenzangu alisema. "Tunapunguza, tunapata alama zetu, tunaenda kula."

Nikaitikia kwa kichwa. Huwa naitikia kwa kichwa.

Shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, shuleni hakuna atakayeisoma hata nikiisahau mezani. Ya pili, nimeona jinsi lugha inavyokuacha. Niliondoka Kigoma nikiwa na miaka minane, na kuna siku mama ananiita kutoka jikoni najikuta nimejibu kwa Kiingereza kabla sijafikiri. Kwa hiyo jioni ile nilifungua kamusi kwenye simu nitafute jina la ile mali yetu ya serikali. Yalitoka maneno mawili: afyuni na kasumba. Nikachagua kasumba. Lilinikaa vizuri mdomoni, na sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kulisikia.

Mama alikuwa amerudi kutoka kazini, ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Anawaogesha, anawageuza kitandani, anawalisha. Akirudi haongei mpaka maji yaanze kupoa.

"Unaandika nini?" aliniuliza maji yalipopoa.

"Bajeti, mama. Ya kasumba. Serikali ya kikoloni ilikuwa na kasumba yake, sasa sisi tunapanga mapato yake."

Akafungua macho. "Kasumba ya wakoloni? Wanawafundisha hiyo huku?"

"Ndiyo. Walikuwa wanaiuza kabisa, madukani."

"Waliiuza, na sisi bado tunainunua," mama alisema, akatikisa kichwa kama mtu aliyeguswa. "Afadhali wanawaambia ukweli. Andika vizuri, mwanangu. Hiyo kitu imetuharibu."

Nilishangaa kwamba Kigoma ilikuwa na wavutaji wengi kiasi hicho. Ila mama alikuwa amefumba macho tena, nikaacha.

Hapa inabidi nieleze maboksi, kwa sababu bila maboksi hakuna kitakachoeleweka.

Nyuma ya kochi letu kuna maboksi manne yaliyokunjwa. Mama mdogo aliyaandika kwa kalamu nene kule Louisville, mji tulioanzia: JIKONI, NGUO, VYETI, MENGINEYO. Tukahamia nayo Columbus, kwa sababu baba alipata kazi kwenye ghala. Tuliishi miaka mitatu kwenye apatimenti karibu na Morse Road, na maboksi yalikaa chini ya kitanda. Baba na mama walipoachana, baba akabaki Columbus na sisi tukaja Buffalo, kwa sababu mtu alimwambia mama kwamba mtaa wa Black Rock kodi ni ndogo. Maboksi yakaja pia. Nimesoma shule tano. Kila shule nilikuwa msichana mpya, na kila nilipokaribia kuacha kuwa mpya, maboksi yalikunjuliwa, yakatiwa gundi chini, tukahama.

Columbus ndiko mama alikofanyiwa upasuaji wa tumbo. Wiki mbili alilala ndani. Anapenda kusimulia kwamba mlango uligongwa mara moja tu, na alikuwa mtu wa kuleta pizza aliyekosea namba. Anasimulia kama kichekesho, na watu hucheka. Mimi nilikuwepo; ndimi niliyefungua ule mlango.

Ndiyo maana tulipofika Buffalo kitu cha kwanza alichotafuta ni kikundi cha akina mama. Alikipata. Kinakutana Jumapili ya pili na ya nne ya kila mwezi, saa tisa alasiri, nyumbani kwa mhazini, mitaa miwili kutoka kwetu. Wana mfuko wa misiba na wagonjwa. Ukilazwa wanakuja na sufuria. Ukifiwa wanajaza sebule. Na kuna sheria: anayechelewa, hata kwa dakika moja, anatoa dola tano kwenye kopo.

Shifti ya mama ya Jumapili inaisha saa tisa hiyo hiyo. Basi likiwa zuri anafika saa kumi kasorobo. Mwezi wa tisa aliomba mkutano usogezwe, mhazini akaandika kwenye daftari "litajadiliwa", na mpaka majira ya baridi yanaingia lilikuwa bado linasubiri kujadiliwa. Kila mara mama anaingia amechoka, na kila mara mhazini, ambaye ni mtu wa Uvira, Kongo, mwenye sauti ya kujaza nyumba na Kiswahili cha kwao, chenye Kifaransa ndani na 'njo' badala ya 'ndiyo', anasema, "Tajiri wetu anafika." Watu wanacheka, mama anacheka, noti inaingia kwenye kopo.

Mwezi wa kwanza nilimsikia akiongea na mama mdogo kwenye simu. Alisema, "Mwezi wa tatu ukiisha na hali ni hii hii, nafunga mizigo narudi huko kwako. Huku sina watu. Nina faini tu."

Basi. Hicho ndicho nilichokuwa nacho kichwani nilipokuwa napanga bajeti ya koloni. Sikutaka shule ya sita.

Bajeti haikuwa rahisi. Jioni ya kwanza nilipunguza kasumba kwa sehemu moja ya kumi, kama gavana alivyoahidi, na hospitali ikakosa dawa. Nikaongeza ushuru wa chumvi. Mwenzangu akasema kwenye simu kwamba watu maskini ndio wanaonunua chumvi. Nikautoa. Nikapunguza askari, halafu nikaona askari ndio wanaokamata wanaouza kasumba ya magendo, na bila wao mapato yetu yanashuka tena. Nikarudisha askari.

Kulikuwa na mstari mmoja ambao ulinikalia vibaya. Kiko kikishavutwa hubaki majivu, na yale majivu bado yana nguvu kidogo. Serikali ilikuwa inayanunua tena kutoka kwa wavutaji, inayachanganya, inawauzia maskini kwa bei ya chini. Niliandika kiasi chake kwenye safu ya mapato, nikakifuta, nikakiandika tena kwa sababu bila hicho shule mbili za watoto zinafungwa.

Mstari mwingine ulikuwa wa kampeni: mabango ya kuwaambia watu waache kuvuta. Yanalipiwa na kasumba.

Siku ya tisa, katikati ya likizo, theluji ikiwa imefika kwenye madirisha ya chini, nilijikuta naombea wavutaji waongezeke. Wachache tu. Ili hesabu yangu ifunge nikalale. Nilishtuka, nikafunga daftari, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Alhamisi ya likizo hiyo mama alinionyesha simu. Kwenye kundi la akina mama alikuwa ametuma ujumbe wa sauti. Sauti yake ilikuwa ya furaha, ile anayoitumia kwa watu.

"Mabibi, Jumapili hii somo ninalo mimi. Binti yangu atatuzungumzia kasumba ya wakoloni. Anaisoma shuleni."

Kila mkutano una dakika kumi za elimu. Mtu anakuja kueleza presha, au jinsi ya kujaza fomu. Na sheria inasema aliyeleta somo hatozwi faini siku hiyo.

"Mama, mimi?"

"Wewe. Unasoma tu ulichoandika."

"Mama, mimi siwezi kuongea mbele ya watu."

"Si utaongea Jumatatu shuleni? Kwangu ni mazoezi." Kisha akaongeza, sauti ikiwa imeshuka, "Mara moja tu, mwanangu. Nataka niingie mle ndani mara moja bila kufungua pochi."

Nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili nilikwenda peke yangu, na karatasi zangu ndani ya mfuko wa plastiki. Walikuwa kama kumi na tano, makoti yamerundikwa kitandani, chai ya tangawizi inanukia. Nikaamkia kila mtu, shikamoo moja moja, mpaka sauti ikaniisha. Mwenyekiti, mama wa Kitanzania aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi, akanishika bega akanisimamisha karibu na televisheni. Mhazini alikuwa mezani na daftari lake, kopo la biskuti la bati pembeni.

"Leo binti yetu atatufungulia kasumba," mwenyekiti alisema. "Wanaojichubua wakae mbele. Na wale ambao watoto wao wakiitwa wanajibu Kiingereza wakae mbele zaidi."

"Basi viti vya nyuma vitabaki vitupu," mtu akasema, wakacheka.

Sikuelewa kujichubua kunaingiaje. Nikasoma.

"Serikali ya koloni ilinunua kasumba ghafi kwa kilo."

"Kwa kilo?" mhazini aliuliza.

"Ndiyo, mama. Halafu iliichemsha."

"Ilichemsha nini?"

"Kasumba."

Mwenyekiti akaniinamia. "Mwanangu, unazungumza kwa mafumbo?"

"Hapana, mama. Watu walikuwa wanaivuta. Kwenye kiko."

Sijawahi kusababisha kicheko kama kile maishani mwangu. Kulikuwa na mama mmoja aliyelazimika kuweka kikombe chini. "Donc, yaani kasumba ni bangi?" mhazini alikuwa anauliza huku anafuta macho. "Miaka yote hii, shuleni banatuambia tutoe kasumba kwa kichwa, kumbe iko bangi?"

Mwenyekiti alivaa miwani, akaomba simu yangu, akasoma kamusi mwenyewe, midomo ikicheza.

"Ni kweli," alisema. "Kasumba ni afyuni. Miaka ishirini nimewafundisha watoto kwamba kasumba ni fikra za kitumwa, kujiona duni mbele ya mzungu. Sikuwahi kujiuliza neno limetoka wapi. Kumbe lilikuwa kitu cha kuweka kwenye mizani." Akanirudishia simu. "Sisi tulikuwa tunangoja ile nyingine, mwanangu. Ila umeshachemsha. Pakua."

Ndipo nikajua mama alielewa nini ile jioni ya beseni. Masikio yaliniwaka. Lakini kitu kimoja kilitokea: baada ya kuchekwa kiasi kile hakukuwa na kingine cha kuogopa. Nikaweka karatasi chini nikawaeleza. Tyubu za bati, maduka, majivu yanayonunuliwa tena. Walisikiliza. Watu wanaopanga mfuko wa misiba wanajua bajeti ni nini.

"Sasa gavana anataka batu baache kuvuta," mhazini alisema. "Bakiacha kweli?"

"Hospitali inafungwa, mama."

"Donc anafanya aje?"

"Anawaambia waache. Ila anapanga mwaka ujao kama vile hawataacha." Nilikuwa nimekaa na hesabu ile siku kumi na mbili, na ikanitoka zaidi ya nilivyokusudia. "Anawagombeza kila siku, na anawahitaji. Wakiacha ndiye atakayeumia."

Mlango ukafunguliwa. Ilikuwa saa kumi kasorobo. Mama aliingia kwa mgongo, anakung'uta theluji, sare ya kazini inaonekana chini ya koti. Mhazini hakuinua hata macho. Mkono wake ulikwenda kwenye kopo wenyewe.

"Tajiri wetu anafika."

"Leo sitoi," mama alisema, anatabasamu. "Leo mtoto wangu ndiye somo."

Na sauti moja kutoka karibu na jikoni, sikuona ya nani, ikasema, "Huyo sasa ndiye mvutaji wetu."

Wakacheka. Kisha wakaacha, mmoja baada ya mwingine, na macho yakaenda kwenye kopo. Naapa mpaka dakika ile sikuwa nimeunganisha kasumba na lile kopo. Siku zote hizo nilikuwa naogopa mno kusimama pale kiasi kwamba sikuwa na nafasi ya kuwa mjanja.

Mhazini alinigeukia mimi. "Njo kusema mimi ni serikali ya koloni?"

"Hapana, mama," nilisema, na hapo nilidanganya kidogo.

"Bon. Tusome." Akafungua daftari. Alisoma kwa sauti waliotozwa tangu mwezi wa tisa, na yalikuwa majina matatu yanayojirudia, mama akiwa wa kwanza. Wote watatu wanafanya kazi Jumapili. Kila aliposoma alionekana kuchoka zaidi, kama mtu anayepanda ngazi. "Hii feza njo ilinunua maua, wakati ya msiba. Njo ililipa chakula ya matanga ya mama-mukwe wangu. Mulikula, hakuna mutu aliuliza imetoka wapi. Mimi natoza kila mutu sawa. Sasa mukifika bote kwa saa, maua nani atalipa?"

Lilikuwa swali lile lile lililonishinda siku kumi na mbili, na niliona aibu kwamba nililitangulia kulisema bila kuwa na jibu.

Mama alikuwa ameketi na koti lake. Alimuuliza jirani yake kuna nini, jirani akamnong'oneza. Nilikuwa namtazama, nikaona uso wake unafungwa. Wakabishana nusu saa kuhusu muda wa mkutano, mwenyekiti akasema watu wapumue, wataamua jioni kwenye simu. Mama hakunywa chai.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele.

"Nililipa kila mara," alisema bila kugeuka. "Mkononi, siku ile ile. Wakanitania, nikawatania. Hakuna aliyewahi kunihurumia mle ndani. Leo wote wamenitazama viatu."

"Mama, sikujua itakuwa hivyo."

"Nilikuomba univushe siku moja. Wewe umenifanya maskini."

"Mama, kasumba haina maana ile uliyo..."

"Nimeshaambiwa maana yake."

Nyumbani hakuweka miguu kwenye maji. Alivuta kochi, akatoa boksi la JIKONI, akalifungua, akalitia gundi chini. Hakuweka kitu ndani. Alilisimamisha katikati ya jikoni, tukawa tunalizunguka kila tukitaka kufika kwenye jiko. Nilikunja nguo ambazo hazikuhitaji kukunjwa. Nilihesabu: mwezi wa tatu uanze, uishe, na mwezi wa nne mimi ni msichana mpya Louisville.

Saa moja jioni simu ya mama ililia. Akatazama jina, akanipa. "Ongea nao wewe. Si wewe ndiye msemaji."

Nikaweka sauti ya nje.

"Mutoto, mama iko wapi?" Alikuwa mhazini.

"Yupo, mama. Amechoka."

"Sisi bote tumechoka. Bon, umwambie. Tumepatana. Mukutano ni saa kumi sasa." Akavuta pumzi. "Na faini inapanda. Dola kumi."

Nikamtazama mama.

"Juu ya bajeti," akasema. "Wewe unaelewa."

"Naelewa, mama."

"Na umwambie tena: kopo atashika yeye. Mimi nimechoka kuitwa serikali. Yeye anajua kulipa, hawezi kuogopa mutu. Na akikataa, anipigie aniambie mwenyewe, asinitumie mutoto."

Alikata bila kuaga. Mama alikuwa amesimama upande wa pili wa boksi, mikono ndani ya mikono ya sweta. Nilimngoja.

"Saa kumi kamili," aliuliza mwishowe, "au kuna dakika tano za ruhusa?"

"Hakusema."

"Maana basi likichelewa kidogo tu nitakuwa nimenunua shada zima peke yangu." Akafikiri. "Dola kumi ni wizi. Lazima kuwe na dakika tano. Mwenye kopo atazitoa."

Akaenda kuchemsha maji ya miguu, akilipita boksi kwa ubavu. Hakuniomba msamaha wala mimi sikumwomba. Aliponiita kumletea chumvi ya beseni nilijibu kwa Kiswahili, nikaona amegundua.

Asubuhi yake, Jumatatu, niliamka saa kumi na moja na nusu, kabla ya kengele ya simu. Boksi lilikuwa bado katikati ya jikoni. Mwalimu alikuwa amesema kila kundi lije na bango, na mwenzangu alikuwa amenitumia ujumbe kwamba karatasi yake kubwa imemwagikiwa na soda. Mama alikuwa mlangoni anafunga zipu ya koti aende kazini.

"Mama, naweza kulikata hili?"

Alitazama boksi, akatazama kisu cha jikoni ambacho tayari kilikuwa mkononi mwangu.

"Kata," alisema. "Lile la vyeti liache."

Nikalikata kwenye pembe nne, nikalilaza sakafuni, nikapiga mistari upande wa ndani ambao haukuwa umeandikwa. Juu nikaandika KASUMBA, kwa sababu nilijua mwalimu atauliza na nilikuwa na cha kumjibu. Mapato nikayashusha kama gavana alivyoahidi. Majivu nikayatoa. Kwenye hospitali, pale ambapo siku kumi na mbili nilikuwa nalazimisha hesabu ifunge, niliandika kiasi kinachopungua kama kilivyo, na pembeni yake: hatujui bado nani atalipa.

Halafu nikavaa, nikalibeba kituoni nikiwa nimelikumbatia kwa sababu ya upepo, bajeti ikiwa upande wa kifua, na watu wote waliokuwa wanasubiri basi wakawa wanasoma JIKONI.